Saa za Belo: Elimu ya Kuchagua katika Soko la Mitumba

Neno "mtumba" lilikuwamo katika Kiswahili cha biashara muda mrefu kabla ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani kuanza kuanikwa katika masoko ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, mtumba ulikuwa mzigo uliofungwa na kukazwa kwa kamba kwa kipimo cha kubebwa na mpagazi mmoja, na mara nyingi ndani yake mlikuwa na vitambaa: kaniki, yaani kitambaa cha pamba cha buluu iliyokoza kilichotoka India, na merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho jina lake linatokana na Marekani kwa kuwa kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kufikishwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyodumu kuanzia 1861 hadi 1865, viliidhoofisha biashara ya merikani, na vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi yake. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika Domesticating the World, kitabu kilichotoka mwaka 2008, ameeleza namna matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalivyofika hadi kwa wafumaji wa Salem na Bombay, kwani kitambaa ambacho watu wa bara hawakukitaka kilikuwa hasara tupu kwa aliyekibeba. Nguo za Marekani zinazofungwa kwa mzigo na kusubiri hukumu ya macho ya mnunuzi wa Afrika Mashariki si jambo la jana.

Leo neno hilo limehama kutoka kwenye kifungio hadi kwenye kilichofungwa, na mtu akisema "mitumba" anamaanisha nguo, viatu, mikoba na mashuka yaliyokwisha kutumika kwingine. Mzigo wenyewe umepata jina jipya, belo, ambalo wengine huliita robota: furushi lililobanwa kwa mashine, likavalishwa gunia la plastiki na kufungwa mikanda, ambalo kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 45 hadi 50, ingawa yapo makubwa zaidi. Majina ya nguo zenyewe yanatofautiana, na tofauti hizo zinastahili kuangaliwa kwa makini. Wazee wengi wa Kenya na Tanzania waliziita "kafa Ulaya", kwa dhana kwamba mwenye nguo alikuwa amefariki huko ng'ambo. Wanyarwanda huziita caguwa, neno lililotokana moja kwa moja na kitenzi cha Kiswahili "chagua", na Wabemba wa Zambia huziita salaula, yaani kuchagua kwa kupekua rundo, jina ambalo mwanaanthropolojia Karen Tranberg Hansen alilipa kitabu chake cha mwaka 2000. Hivyo kuna jina linalotazama alikotoka mvaaji wa kwanza, na kuna majina yanayotazama mkono wa mvaaji wa pili. Sura hii inashikilia kwamba majina ya namna ya pili ndiyo yanayosema kweli, kwa sababu thamani ya nguo ya mtumba huzaliwa pale inapochaguliwa, na kuchagua ni ujuzi wenye kanuni zake, saa zake na walimu wake.

Dhana ya "kafa Ulaya" ilirudi hadharani Agosti 2023, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alipotangaza nia ya kupiga marufuku mitumba na kuzitaja nguo hizo kuwa za wafu. Wafu wamo, bila shaka, lakini safari ya kawaida huanzia kwa watu walio hai, wenye makabati yaliyojaa. Nchini Marekani kuna desturi ya mauzo ya uani, ambapo familia, aghalabu Jumamosi asubuhi wakati wa joto, hupanga mbele ya nyumba yake nguo, vyombo, vitabu na vifaa vya watoto ambavyo haivihitaji tena, na majirani pamoja na wapita njia huja kupekua na kununua kwa bei ndogo. Kinachobaki jioni hupelekwa mara nyingi kwa mashirika ya hisani kama Goodwill, lililoanzishwa Boston mwaka 1902, au Jeshi la Wokovu, ambalo mizizi yake ni London ya mwaka 1865. Mashirika hayo huuza madukani sehemu ya nguo zinazotolewa, na zilizobaki huziuza kwa uzito kwa makampuni ya kupanga madaraja, ambayo wafanyakazi wake husimama kwenye meza au mikanda inayosogea wakitenganisha suruali na sketi, pamba na sufu, zilizo nzima na zilizochanika. Upangaji huo hufanyika katika nchi nyingi, zikiwamo za Ulaya Mashariki, Pakistan, India na Falme za Kiarabu, kabla belo halijapakiwa kwenye kontena la kuelekea Mombasa au Dar es Salaam. Nguo inayofika katika soko la Gikomba jijini Nairobi, kwa hiyo, imekwisha kupita mbele ya macho ya watu kadhaa waliokuwa na nafasi ya kuichukua na wakaiacha. Hilo lingeweza kumkatisha mtu tamaa ya kupata chochote cha maana, lakini kila aliyeichambua alikuwa na haraka yake na kipimo chake, na mpanga madaraja anayelipwa kwa wingi wa kilo hana muda wa kusoma lebo ya koti moja.

Siku ya kuchagua huanza kabla ya jua kuchomoza. Gikomba, soko lililo kando ya Mto Nairobi na linalohesabiwa miongoni mwa masoko makubwa ya mitumba Afrika Mashariki, huwa limekwisha changamka wakati sehemu nyingine za jiji zimelala, na hali ni hiyo hiyo katika soko la Karume huko Ilala, Dar es Salaam, katika soko la Memorial mjini Moshi na katika soko la Owino mjini Kampala. Tendo kuu la saa hizo ni kufungua belo. Mfanyabiashara amelinunua likiwa limefungwa, na anachokijua ni kile kilichoandikwa juu yake, kwa mfano kwamba ni blauzi za kike au suruali za kiume, nchi lilikotoka, uzito wake, na sifa ya mwagizaji aliyemuuzia. Hana ruhusa ya kulipekua kabla ya kulipa wala kulirudisha baada ya kulikata mikanda. Belo zuri laweza kurudisha mtaji kwa vipande vichache vya juu na kuacha vilivyobaki kuwa faida, na belo baya, lenye nguo nyingi za majira ya baridi kali au zenye madoa, laweza kula akiba ya miezi. Katika ufundi wote wa soko hili, huu ndio unaodai moyo mkubwa zaidi, na wanaoubeba ni watu wa mitaji midogo, wengi wao kina mama, ambao hakuna bima inayowasimamia.

Mikanda inapokatwa, wanaokuwa wamesimama karibu si wateja wa kawaida. Ni wenye maduka ya nguo, wauzaji wa rejareja kutoka masoko ya mitaani, na vijana wanaouza kwa picha kupitia simu, na wote wamefika mapema kwa sababu bei ya saa hiyo, ingawa ni ya juu kuliko zote, ndiyo inayonunua haki ya kuwa wa kwanza kugusa. Gikomba, vipande bora vya mwanzo huitwa kamera, na vinavyobaki baada ya kila mtu kupita huitwa fagia, kwa maana ya masalio ya kufagiwa. Kati ya kamera na fagia mna siku nzima ya bei inayoshuka: kufikia saa nne nguo zilizochaguliwa zimetundikwa kwenye henga na kila moja ina bei yake, mchana zilizobaki zimelundikwa mezani kwa bei moja, na alasiri rundo limeteremshwa chini kwenye turubai huku mwuzaji akiita "chagua, chagua" hadi sauti inamkauka. Mchumi Pietra Rivoli, aliyeifuata fulana moja kutoka mashamba ya pamba ya Texas hadi viwanda vya China na hatimaye masoko ya Dar es Salaam katika The Travels of a T-Shirt in the Global Economy, kitabu cha mwaka 2005, aliona kwamba mitumba ni mahali pa nadra ambapo soko huria limo mikononi mwa watu wa kawaida, kila nguo ikijadiliwa bei yake peke yake. Tofauti na duka la nguo mpya, ambamo mashati mia moja ya aina moja hubeba bei moja, hapa shati ni moja tu, na likiondoka limeondoka.

Ni upekee huo unaoleta haja ya jicho. Mchaguzi mzoefu huanza na mkono kabla ya macho, kwa sababu rundo halionyeshi nguo nzima, linaonyesha ncha tu: mkono wa shati, pindo la gauni, kipande cha ukosi. Vidole hutambua sufu, hariri na kitani haraka kuliko macho, na nguo ikifumbatwa kwa nguvu kisha kuachiwa, pamba na kitani hubaki na mikunjo ilhali vitambaa vingi vya polyester hurudi vilivyokuwa. Fundi cherehani mwenye shaka huchomoa uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani na kuuchoma: uzi wa pamba huungua ukitoa harufu ya karatasi, wa sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na wa polyester huyeyuka na kuacha kijipunje kigumu. Kisha hufuata ukaguzi wa sehemu zinazosema ukweli, yaani kwapa, ukosi, magoti, pindo za mikono na makalio ya suruali, ambako jasho na msuguano huandika historia ya mvaaji wa kwanza. Zipu hufungwa na kufunguliwa mara mbili, vifungo huhesabiwa, na nguo huinuliwa kuelekea mwanga ili matundu ya nondo yajionyeshe.

Baada ya hapo ndipo husomwa lebo, na hapa ujuzi wa mchaguzi hukaribia ule wa mtunza makumbusho. Nguo ya Marekani isiyo na maelezo yoyote ya namna ya kufuliwa, ikiwa lebo zake hazijakatwa, huenda imeshonwa kabla ya mwaka 1972, ambapo kanuni ya serikali ya nchi hiyo ya kuwalazimisha watengenezaji waweke maelezo hayo ilianza kufanya kazi. Lebo ya ILGWU, chama cha wafanyakazi wa nguo za kike, ina maana kwamba vazi hilo halikushonwa juzi, kwa kuwa chama hicho kiliungana na kingine mwaka 1995 na jina lake likakoma. Suruali ya jinzi ya Levi's ambayo utepe mdogo mwekundu wa mfuko wa nyuma umeandikwa jina lote kwa herufi kubwa, ikiwamo herufi E, kwa kawaida ni ya kabla ya mwaka 1971, na wakusanyaji wa nguo za kale huko Japani na Marekani huitafuta kwa bidii, japo matoleo mapya ya kuiga za kale yamerudisha utepe huo na hivyo kuhitaji uangalifu zaidi. Wapo vijana Nairobi na Dar es Salaam wanaoyajua mambo haya kwa kichwa bila kuyasoma darasani. Wameyapata kwa kugusa maelfu ya nguo na kwa kusahihishwa na waliowatangulia. Elimu hii haina cheti, na wapanga sera wanapoizungumzia biashara ya mitumba kana kwamba ni kuokota tu, wanakosea.

Jambo moja lisilochaguliwa ni nguo za ndani. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limezipiga marufuku kwa sababu za afya, ingawa ukaguzi wake sokoni umelazimika kurudiwa mara kwa mara. Nguo nyingine zote, kwa busara ya kawaida ya nyumbani, hufuliwa kwa maji ya moto, huanikwa juani na kupigwa pasi pande zote mbili kabla ya kuvaliwa.

Mapatano ya bei yana adabu zake. Mnunuzi haoneshi furaha mbele ya kitu alichokitafuta mwezi mzima, hukishika pamoja na vitu viwili vingine, huuliza bei ya kile asichokitaka kwanza, na hapo ndipo husema, "Mama, na hii nayo?" Mwuzaji naye, ambaye ameuona mkono ulivyotua na ulivyokawia, humwita "mwanangu" au "kaka" au "kastoma wangu" kulingana na umri na hadhi, na humkumbusha kwamba belo limepanda bei na kwamba yeye pia ana watoto. Maneno hayo si mapambo ya biashara. Mteja anayerudi ndiye mtaji wa pili wa mwuzaji, na yule aliyezoeleka huwekewa kando kipande kinachomfaa, na hupigiwa simu kabla ya belo linalofuata kufunguliwa.

Thamani nyingine huongezwa na mikono ambayo mnunuzi huipita bila kuitazama. Pembezoni mwa soko wamo wapiga pasi wenye pasi za mkaa, mafundi viatu wanaosugua soli na kuzigundisha upya, na safu za mafundi cherehani wanaopunguza kiuno, kufupisha mikono, kugeuza koti la mwanamume kuwa la mwanamke na gauni la mtu mzima kuwa la watoto wawili. Gauni lililochukuliwa kwenye rundo la alasiri linaweza kutundikwa dukani siku ya tatu yake likiwa na bei iliyozidishwa mara kadhaa, na ongezeko hilo lote ni ujira wa watu waliogusa nguo hiyo kati ya turubai na kioo cha duka.

Hoja inayopinga utetezi huu wa mitumba ni ile ya viwanda, nayo ni nzito na haifai kupuuzwa. Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilijenga na kulinda viwanda vya nguo, kikiwamo cha Urafiki jijini Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na mitumba ilianza kumiminika baada ya milango ya uagizaji kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Mchumi Garth Frazer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, alikadiria kwamba mitumba ilichangia takriban asilimia 40 ya kushuka kwa uzalishaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000, na asilimia 50 ya kushuka kwa ajira katika sekta hiyo. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walielekeza mitumba iondolewe hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani wa nguo zilizotumika walilalamika, na serikali ya nchi hiyo ikatishia manufaa ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo wake, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa katika mpango huo. Ni haki kusema kwamba Rwanda ilidai kitu cha heshima. Ni haki vilevile kusema kwamba viwanda vilivyokufa viliuawa na mengi, yakiwamo madeni, umeme wa kukatika na nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia, na kwamba kiwanda chochote kitakachofufuliwa kitahitaji watu wanaojua mshono mzuri na kitambaa kizuri wanapoviona. Watu hao wako Karume na Gikomba.

Jioni huonyesha upande mchungu. Fagia isiyouzwa hugawanywa: nyingine hukatwa kuwa matambara ya gereji, nyingine huishia kwenye majalala na kingo za mto, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nguo za leo ni polyester, ambayo ni plastiki, haiozi kama pamba ilivyooza zamani. Kundi la wasanii wa Nairobi liitwalo The Nest Collective lilipeleka ujumbe huo mwaka 2022 kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, kwa kujenga banda kwa mabelo ya nguo kuukuu na kuliita Return to Sender, yaani rudisha kwa aliyetuma. Mwaka huohuo mbunifu Bobby Kolade wa Kampala, kupitia chapa yake ya BUZIGAHILL, alianza kununua mitumba Owino, kuikata na kuishona upya, kisha kuiuza kwa wateja wa nchi ilikotoka, kwa jina lilelile. Nguo ambayo Marekani iliiona haina kazi hurudi kwao ikiwa na bei ya vazi la mbunifu, na kilichobadilika ni mkono wa fundi wa Kampala.

Giza linapoingia, mfanyabiashara hufunga kibanda chake cha mbao akiacha ndani mtaji wake wote, na hapo hatari iliyo kubwa kuliko belo baya huanza. Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15. Soko la Karume liliteketea alfajiri ya tarehe 16 Januari 2022, na maelfu ya wamachinga wakaamkia majivu. Vibanda vilibanana, njia zilikuwa finyu, na nguo huwaka haraka. Serikali za majiji zinazokusanya ushuru katika masoko haya kila siku zina deni kwa walipaji wake, na deni hilo linajulikana kwa majina: njia ya kupita gari la zimamoto, bomba la maji lenye maji, nyaya za umeme zilizofungwa na fundi aliyesomea kazi hiyo, na hati inayompa mwuzaji uhakika wa kibanda chake ili aweze kukijenga kwa tofali. Lilipwe kabla ya moto mwingine.